Kadi ya Mkopo Nimekuachia

Mama watoto,

Maharage yako jikoni, moto mdogo. Yachungulie, yana tabia ya kuungua ukiyapa mgongo. Paka ameshakula, asikudanganye.

Naipeleka dukani ile mashine ya kukata nyasi, labda wataipokea. Najua, hatuna nyasi. Lakini jana ilinikonyeza, naapa, na kadi ya mkopo ikachomoka mfukoni yenyewe ikamkimbilia muuzaji. Mimi niliifuata nyuma tu, nikiiita irudi.

Asubuhi ulipocheka, nami nilicheka. Ila uliposema mbele ya mkwe wetu, "Huyu ukimpa kadi, ficha na duka," hapo paliniuma kidogo. Kwa sababu ni kweli. Pochi ikibaki tupu naiona. Kadi ya mkopo haibaki tupu, inakuchekea tu mpaka mwisho wa mwezi.

Basi ~~nimechukua kadi zote mbili~~ hapana, ya mkopo ipo chini ya bakuli la sukari. Kaa nayo wewe, iwe ya daktari, au paa likivuja. Mimi nimebeba hii inayokata pesa yetu wenyewe iliyomo benki. Ikiisha, inakataa, nami narudi nyumbani na adabu zangu.

Wakiipokea mashine, nitakuja na mkate. Ukinisikia naisukuma uani, tafadhali mwite mkwe sebuleni, umwonyeshe picha za harusi yetu, zote, mpaka nimalize kuificha.

Baba watoto