Maziwa yenye nilimwaga

Siku ya ine ya juma, mwezi wa kumi, saa nane ya muchana.

Mvua iko inapiga ku malata ya paa tangu asubuhi na haitaki kukatika. Kutoka hapa kwetu Bagira ziwa haionekane, ni ukungu tu. Amani analala. Ni mutoto wangu wa kwanza, ana miezi saba, na akiamka sitapata tena mikono ya kuandika.

Niko na uchungu.

Hii kaye ni daftari yangu ya mwaka wa sita, sixième primaire. Kurasa za mbele zimejaa dictée na makosa yangu kwa bic nyekundu. Za nyuma zilibaki bure, nikaanza kuziandika siku ile Papa Amani alipanda lori kwenda kutafuta dhahabu upande wa Mwenga. Huku nyuma hakuna mwalimu wa kuweka alama nyekundu. Leo ningependa awe, anionyeshe fasi yenye nilianzia kukosea.

Leo ilikuwa siku ya kupima watoto. Masere wa dispensaire, ule sista mwenye miwani, alivalisha Amani ile suruali ya kitambaa, akamutundika ku kilo kama vile wanatundika nyama sokoni Nyawera. Watoto wengine wote walikuwa wanalia. Wangu hakulia. Alining'inia tu, ananiangalia. Masere akaangalia mushale, akaangalia karatasi ya mwezi uliopita, akamushusha, akamupandisha tena.

Amepunguka.

Mutoto wa miezi saba hapaswi kupunguka. Hata mimi mwenye kusoma kidogo najua ile.

Niandike vile yote ilianza, kwa mpango, nisijidanganye.

Wiki sita zimepita tangu shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, alipita hapa na megafoni yake. Alisema siku ya sikukuu ya zone wamama watashindana mbio, si mbio ya kukimbia tu, ile ya vizuizi kama ya basoda wa jeshi: kuruka shimo, kupita chini ya kamba, kupanda ukuta, kubeba mufuko ya muchanga. Na wamama watatu wa kwanza wataandikwa ku atelie yenye inashona uniforme za masomo. Kazi ya kweli, ya kukaa ku mashini. Mimi nashona kwa mukono tangu utoto, mashini niliigusa mara moja tu, ya jirani, na alinifukuza.

Papa Amani hajaandika barua tangu Pasaka. Nakaa mu nyumba ya mama yake. Mama mukwe hajanitukana hata siku moja, hiyo niseme ukweli. Lakini bugali ninakula ni yake, na kila mara mwiko inagonga ndani ya chungu naisikia ku moyo. Njo maana nilienda kujiandikisha. Nilitaka siku moja niseme: Maman, leo mboga ya sombe ni yangu.

Sikuwa nimekimbia tangu masomo. Asubuhi ya kwanza nilitoka nyumbani mbio hadi ku robinet, na pale ku robinet nikatapika. Wamama wenye kuchota maji walicheka mpaka ndoo zikajaa zikafurika. Mumoja akaniuliza kama niko nakimbia polisi ama ni bwana amerudi. Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa bado na kicheko, siku zile.

Mwenye kutufundisha ni muzee mumoja mwanajeshi wa zamani, tunamuita Papa Adjudant. Muguu moja haikunjike, anakaa juu ya bidon ku kando ya uwanja na anatuhesabu kwa fimbo. Vizuizi alijenga yeye mwenyewe na miti ya eucalyptus. Ku kamba zile za kupita chini alifunga makopo ya tomate, kusudi ukigusa kidogo tu yalie na uwanja mzima ujue. Ukichelewa anapiga kelele kwa Lingala ya kambi: noki, noki. Sisi wote anatuita soldat. Kwa ukuta ya mbao nilishindwa siku kumi. Ninafika, ninashika juu, miguu inapiga mbao kama kuku anachinjwa, ninateleza. Ni juu ya pagne, kitenge ya kiuno, inafunga miguu. Suruali imekatazwa kwa mwanamuke, kila mutu anajua, basi nilikata suruali ya zamani ya Papa Amani ku magoti nikavaa ndani. Shefu wa kartie alipita, akaona, akasema vizuri, lakini pagne ibaki juu. Kwa hiyo tunapanda ukuta na pagne. Yangu nzuri, ya arusi, ilishikwa na musumari, ikapasuka kutoka kiuno hadi chini, mimi nikaanguka mu matope mbele ya watu.

Papa Adjudant hakucheka. Alingoja nisimame, akasema, "Soldat Mama Amani, ile ukuta haina meno. Rudi."

Nikarudi. Siku ya kumi na moja nilijikuta juu. Sijui ni vipi. Nilikaa pale juu kidogo, mguu huku na mguu huku, nikaona malata ya Bagira yote na moshi ya majiko inapanda. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Na mufuko ya muchanga, ile hakuna mwenye ananishinda. Wengine wanaweka ku bega. Mimi nafunga kamba, naweka ku paji la uso, mufuko inalala ku mugongo, naenda kama niko napeleka mihogo sokoni. Papa Adjudant aliangalia ile kamba, akasema sheria haiikatazi.

Sasa nifike kwa maziwa.

Ile asubuhi ya kwanza, nilipotoka kutapika, nilikuta Amani analia na matiti yangu yamejaa mpaka yanauma. Nilikaa chini, nilikuwa nimekwisha kufungua blouse. Mama mukwe akamutoa mu mikono yangu, polepole, hakuvuta.

"Hapana, mukamwana," akasema. "Mwenye alikimbia, maziwa yake inachemuka. Itamukata tumbo. Mwaga kwanza."

Kwao Nyangezi ni vile. Mwanamuke akitoka kulima na jua, anaminya kidogo chini, anapangusa titi, halafu ananyonyesha. Kidogo tu. Matone. Yeye mwenyewe alinionyesha na vidole viwili: hivi.

Mimi niliongeza.

Hii njo naungama hapa, juu sitaweza kuungama kwa mutu. Yeye alisema matone, mimi nilimwaga yote. Nilikuwa naogopa mutoto aharishe siku moja, na kartie yote iseme ni mbio ya mama yake. Nilitaka kukimbia na kuwa mukamwana muzuri, vyote viwili. Basi kila asubuhi nikitoka ku uwanja nilienda nyuma ya jiko, ku muguu ya mugomba, nikaminya hii na hii mpaka isitoke tena. Maziwa inafanya nyeupe kidogo juu ya udongo, halafu udongo inainywa. Kuku walikwisha kujua saa yangu. Walikuwa wananingoja.

Na ndani ya nyumba mama mukwe alikuwa anamupa Amani uji ya mahindi, ile nyepesi, kusudi anyamaze. Tumbo inajaa maji, analala. Mimi nilisema, asante Mungu, analala vizuri siku hizi.

Wiki ya ine nikaona matiti imelegea. Mama mukwe akasema unaona, mbio inakausha. Nami nikaona ni ukweli. Nikafanya nini? Nikakimbia zaidi mbio kusudi nirudi upesi, nikamwaga na ile kidogo yenye ilibaki.

Masere leo aliniuliza mbele ya msururu wa wamama wote, ananyonya mara ngapi. Nikasema. Akauliza na asubuhi. Nikamuambia vile nafanya nyuma ya jiko, na uji yenye anapewa. Akaweka kalamu chini.

"Maziwa yako haikuwa mubaya hata siku moja," akasema. "Jasho ni ya ngozi, haiingie mu titi. Titi inaitika kinywa ya mutoto kupita mukono. Ukimujaza maji ya mahindi hatavuta, na asipovuta titi inasahau."

Nilimuuliza kama basi niache mbio. Akasema hajasema neno juu ya mbio. Nile vizuri, ninywe maji mingi, na nimupe Amani titi kila mara anataka, usiku na muchana, hata nikiwa nimelowa kama sasa. Nirudi wiki yenye inakuja amupime tena, na uji iwe nzito, iwe nyuma ya titi. Halafu akauliza ni nani aliniambia nimwage.

Nikasema ni mimi mwenyewe.

Nilirudi na mvua, Amani chini ya kitenge ku mugongo, na njia yote hasira ilikuwa inapanda kama maji ya mutaro. Hasira kwa mama mukwe. Hasira kwa Papa Amani, yeye mwenye kukaa kule mu mashimo na kukimbia akitaka, kulala akitaka, na hakuna mutu anamuambia jasho yake inaua mutoto. Hasira kwa wale kuku.

Mama mukwe alikuwa anachagua maharagi juu ya lungo. Chungu ya uji ilikuwa tayari ku moto. Nilimuambia yote, nimesimama, maji inatoka mu nguo zangu inafanya ziwa chini. Sikumuita Maman. Nafikiri ni mara ya kwanza.

Akaendelea kuchagua. Anatoa jiwe, anatupa. Anatoa jiwe, anatupa.

"Bamasere habajazaa," akasema.

Nikasema kilo nayo haijazaa, lakini ilimuona Amani.

Hapo mikono yake ikasimama. Akaanza kusema bila kuniangalia, kwa sauti ya mutu anasoma barua ya mutu mwingine. Mbele ya kumuzaa Papa Amani, alizaa mutoto mwingine. Mimi sikujua, hata Papa Amani hajaniambia, pengine hajui. Musichana. Alikuwa analima na ule mutoto ku mugongo, jua kali, na mutoto akakonda akakonda, na wamama wa bwana wakasema ni maziwa ya moto, mwaga. Akamwaga. Akamwaga yote, kama mimi. Walipozika mutoto wakamuambia hukumwaga ya kutosha.

Nilitaka kukaa chini, lakini nguo zilikuwa zinatoka maji.

Akaniangalia. "Kama maziwa haina kosa," akasema, "basi mutoto wangu alikufa na nini?"

Jibu lilikuwa pale katikati yetu ndani ya lungo na maharagi, na hakuna kati yetu mwenye alitaka kuliokota. Hasira yangu yote yenye nilibeba kutoka dispensaire ilikosa mutu wa kumupa. Naibeba bado. Ni nzito kupita muchanga ya Papa Adjudant, na hii haina kamba ya kuweka ku paji.

Alitoka. Nilimuona kwa mulango wa nyuma, amesimama pale ku muguu ya mugomba, mu mvua, anaangalia udongo. Alikaa pale muda murefu. Alipoingia alitoa chungu ya uji ku moto, akaweka chini, akaweka ya maharagi. Yalipoiva akanipakulia sahani, kijiko kikubwa mara mbili, halafu ya tatu.

"Kula," akasema. Basi.

Nilikula yote. Sikusikia mwiko.

Mashindano ni siku ya Mungu. Siku ya posho, kesho kutwa, ni salongo, kazi ya lazima ya serikali, tutaokota takataka ya zone, hakuna uwanja. Kwa hiyo imebaki kesho peke yake. Sijui kama nitakuwa kati ya wale watatu. Kuko musichana mumoja wa kule juu, hana mutoto, anaruka shimo kama mbuzi, na ukuta yeye haioni. Pengine nitakuwa wa tano, na atelie itabaki maneno ya megafoni. Lakini nitaenda. Kama ningeacha sasa, ile maziwa yote ingekuwa imemwagika bure kabisa, mara mbili bure.

Na kesho nikirudi ku uwanja sitapita nyuma ya jiko. Nitakaa hapa mbele, ku kiti kidogo, fasi yenye watu wa robinet wote wanaona, na jasho yangu na matope yangu, na nitamupa Amani titi vile iko. Ya moto. Mama mukwe atakuwa pale. Sijui kama atanyoosha mikono amutoe tena, ama ataniletea maji ya kunywa. Nafikiri hata yeye hajui.

Mvua inapunguka. Amani ameanza kujigeuza, anafungua na kufunga kinywa kama samaki mudogo.

Titi ya kushoto imejaa kidogo. Ni kidogo, lakini naisikia.

Naweka bic chini.