Fimbo ya Baba ya Kuswagia Maksai

Mama mpendwa,

Tumefika Nairobi salama, ila kuna baridi. Nilimwambia Baba aiache nyumbani ile fimbo ya maksai yenye ncha ya chuma, akakataa. Pale stesheni askari akaigusa ncha, akasema silaha kama hii inafungisha mtu.

"Ni ya kuswagia maksai," Baba akamwambia.

"Wako wapi?"

"Nyumbani."

"Basi hapa mjini unamswaga nani?"

Baba akafikiri, kisha akaninyoshea mimi kidole. Askari akanitazama toka miguuni hadi kichwani, akamrudishia fimbo yake.

Tangu hapo natembea mbele, Baba nyuma. Nikisimama kutazama duka, nachomwa kidogo.

Wasalimu maksai wetu wawili. Waambie sasa nimewaelewa.

Mwanao,
Zakaria