Kahawa ya Fungo

Jumatano, Bariadi

Eti mimi, niliyezoea kutumbukiza mkono hadi chini ya gunia la pamba kutafuta mchanga, leo nimezibwa mdomo na kikombe cha kahawa.

Mnunuzi mpya wa pamba, mmoja wa hawa watu binafsi walioruhusiwa juzi juzi kununua bila ushirika, anasema kahawa aliyonimiminia imepita tumboni mwa fungo, buni ikaokotwa kwenye kinyesi chake. Wazungu wanaigombania.

"Mzee, fungo hali ila tunda lililoiva."

Sasa anataka watu wa Nkololo wamkamatie fungo hai, awapeleke wanyama hao Bukoba kwenye mibuni, walishwe kahawa. Mmoja tayari yumo kizimbani nyuma ya gari lake. Anazunguka tu, pua imechubuka kwa waya.

"Huyu aliyefungiwa atachaguaje?" nikamuuliza.

"Tutamchagulia sisi."

Basi! Ni sawa na kuchanganya pamba safi na fifi, ile chafu ya daraja la pili, gunia moja, halafu mpimaji umemfungia stoo. Sikuamini neno lake hata moja.

Mke wangu anasema fungo ni mwizi wa kuku, nisimwonee huruma.

Labda. Lakini nilikuwa namtazama anavyozunguka wakati naomba kikombe cha pili.