Kiboko wa Mto Wami

Mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Mkuyuni tu wazima, ila mtoto anaota meno, na mimi, bibi yako kwa ukoo tu wala si kwa umri, silali.

Unauliza umwambieje mkubwa aliyekosea. Nilipokuwa yaya kwa Mjerumani, tulipanda meli ndogo kutazama wanyama wa pwani. Mto Wami unapoingia baharini tukamwona kiboko na mwanawe. Bwana akaamuru tuwasogelee. Mgongoni nina kifungua mimba wangu, na Bwana hakemewi. Lakini mshika usukani alikuwa Mzigua, mtani wetu sisi Waluguru. Nikamfokea:

“We Mzigua mjinga, unataka kutuzika majini? Geuza!”

“Waluguru mnaogopa hata maji ya kunywa!” Alicheka, akageuza. Kiboko akaibuka pale pale tulipotoka.

Basi usinyamaze, tafuta unayeweza kumkemea. Bwana alinuna mpaka Saadani, lakini alinuna akiwa hai.

Bibi yako