Mikono ya Wanawake wa Ikola

Mjukuu wangu Kabula,

Huku Makanyagio hatujambo. Babu yako anakohoa kidogo, lakini ugali anaumaliza. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, ana macho yako.

Unauliza kama uiache kozi ya kuandika riwaya, kwa kuwa ulipowasomea wenzako walipiga miayo.

Nilipokuwa binti kule Ikola, kando ya ziwa, hadithi zangu nilikuwa nikiyasimulia mawimbi, nayo hayakuwahi kunipinga. Siku moja nikawasimulia wanawake niliokuwa nikigeuza nao dagaa juani. Nikaona hadithi ikipoa, mikono yao inarudi kwenye dagaa. Ikikolea, mikono inatulia hewani. Basi nikaacha kuyatazama maneno yangu, nikaifuata ile mikono, kama naota macho wazi.

"Ee, halafu?" akauliza mama mmoja.

Usiiache kozi, mama. Kipaji ulitoka nacho nyumbani. Hiyo miayo ndiyo uliyoifuata huko. Itazame vizuri.

Siku ile kunguru walishiba dagaa wetu mchana kweupe, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaona.

Ni mimi bibi yako, ninayesubiri kusomewa.