Beti Nyingi, Mama Hayumo

Jumamosi, 4 Shaaban 1303

Beti sita tangu alfajiri. Zote mbovu. Wapagazi wa msafara wamepiga kambi karibu na dirisha langu, wanaimba tangu walipoamka, na nyimbo zao zinanishinda. Arobaini ya mama ni Ijumaa. Mtaa mzima unangoja utenzi kwa kuwa mimi ndiye malenga wao. Heri ningejifunza useremala.

Jumatatu, 6 Shaaban

Ami Salum, ndugu yake marehemu baba, amekuja kusikiliza. Amesifu sana. Kisha akataka niwataje na babu zake, mpaka yule aliyetoka Shihiri, Uarabuni. Nimewatia wote. Wazee hawa wamekufa zamani na bado wananichosha.

Jumanne, 7 Shaaban

Nimemsomea dada yangu Mwanaidi. Bismillahi, kuomba wino na karatasi nyeupe, sala za Mtume, masahaba, babu za Ami. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Na mama yuko wapi, kaka?"

Nikamjibu kwamba utenzi una taratibu zake, mama yuko njiani. Nilikasirika kutwa. Kweli hayumo.

Alhamisi, 9 Shaaban

Najua ninachokikwepa. Mwanaidi ameolewa Pangani. Habari zilimfikia tumeshazika. Tangu aje ananiuliza mama alikufaje, nami namwambia alikwenda salama. Jibu la kumpa mpita njia. Keshokutwa anarudi kwa mumewe. Kwa mdomo siwezi kumweleza. Nisipoandika, ndiyo basi.

Nimeandika uso wa mama ulikuwa kama mwezi. Nimefuta. Mama alikuwa na makovu ya ndui na hakuyaonea haya. Nimeandika alikuwa mpole. Upuuzi. Alipata kumrushia Ami Salum upawa wa mchuzi. Nikaandika upawa. Umekaa kwenye mizani bila shida! Sikuinuka tena mpaka adhuhuri.

Ijumaa, 10 Shaaban

Baada ya hitima nimesoma. Bismillahi, sala moja, kisha mama. Babu za Ami nimewaacha. Kwenye upawa Ami alikohoa.

Halafu siku za mwisho za mama. Hakunijua tena. Kutwa alimwita Mwanaidi. Nilimwambia yuko Pangani, akaendelea kuita. Mwishowe niliitika mimi: "Labeka." Mwanamume mzima, na ndevu zangu, nikaitika kike. Nimelisoma hilo mbele za watu. Hakuna aliyecheka. Mwanaidi alisikia yote, ndani kwa wanawake.

Jumamosi, 11 Shaaban

Mwanaidi amekuja kuaga, furushi mkononi. Aliuliza jambo moja tu, mama alisema nini nilipoitika. Hilo sikuliandika. Lilinikataa kila nilipolitafutia vina.

"Alisema, 'Funga mlango, mwanangu, mbu wanaingia.'"

Akacheka. Akalia. Akajitanda vizuri ukaya wake, akaenda.