Ng'ombe Aliyebaki Juu ya Paa

Kings Heath, Birmingham
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Babu yangu,

Shikamoo. Nyanya namwamkia pia, lakini barua hii ni yako, kwa hiyo tafadhali usimpe aisome yeye kwanza kama unavyompa simu. Mguu unaendeleaje? Mjomba Mwakio alituambia umeanza kushuka tena mpaka shamba la chini bila fimbo, na Mama akasema fimbo yenyewe ilikuwa ya kutafutia huruma tu. Je, baridi ya Wundanyi imepungua? Sisi huku ni wazima. Mama anakohoa kidogo, anasema ni kukaa ndani na madirisha yamefungwa. Mimi siumwi popote, ila situlii. Nimekaa mezani, nimeinuka, nimesimama dirishani kuangalia mabasi yakipita, nimerudi. Ukiona wino umebadilika rangi, ujue niliiacha barua nikaenda kuzunguka mtaani, nikarudi na kalamu nyingine.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatuongei. Simu ikikufikia unasema, "Wakesho, soma kwa bidii," halafu nasikia kiganja chako kikiifunika, na Nyanya anaanza kuniuliza kama nimekula. Silalamiki. Hata mimi nikijua ni wewe uliyeishika, maneno yananikauka mdomoni. Lakini kuna jambo ambalo siwezi kumwambia Nyanya, na kulinyamazia nimeshindwa.

Babu, nimezisikia zile kanda zako huku.

Ngoja nianze vizuri. Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, upande wa Northfield. Jumamosi hapendi nibaki peke yangu na mapazia yamefungwa, kwa hiyo hunibeba kwenda naye kazini. Yeye na wenzake wanakwenda kuosha na kuvisha watu, mimi nakaa sebule kubwa na wazee, nawamiminia chai, nasikiliza. Kusikiliza ndiyo kazi ninayoiweza. Kuna bibi mmoja anaitwa Doreen, mwembamba, ana midomo ya kubishana. Mwanawe alimletea mashine ya kuchezea vichekesho vya redio vya zamani, vya enzi za usichana wake. Doreen anavijua vyote. Mwigizaji kabla hajafungua kinywa, Doreen ameshasema, kisha anamtazama kila mtu kama yeye ndiye aliyetunga.

Jumamosi moja akaweka kingine. Zikalia tarumbeta, zile tarumbeta tatu zinazoanza kama watu wanaogombana na kumalizia na kengele. Birika liliniponyoka kidogo, chai ikamwagika kwenye kisahani. Nilisikia harufu ya mahindi makavu, Babu, ndani ya Northfield.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa? Jumapili baada ya kanisa, Nyanya anamwaga mahindi kwenye turubai, sisi wajukuu tunakaa duara kupukuchua, na wewe unatoa ile redio ya kanda aliyokuachia mwalimu Mwingereza alipohama shule, wakati bado unapika pale bwenini. Kanda zenyewe ulizihifadhi kwenye sanduku la viatu, zimefungwa na kitambaa kama vile ni mayai. Unaweka moja, tunanyamaza. Wazungu wanaongea haraka haraka, hatuambulii kitu. Kisha watu wa ndani ya redio wanacheka, wewe unabonyeza kitufe, unaisimamisha, unafuta macho, unatuambia, "Sasa Kapteni amemwambia ng'ombe hivi." Unatuambia. Tunacheka sisi. Unabonyeza tena, wanamalizia kucheka wale wa redioni, na magunzi yanarundikana pembeni bila mtu kuona. Hakuna mtoto aliyewahi kutoroka kazi ya Jumapili.

Kapteni wa zimamoto, bahili kama mwenyekiti wa ushirika. Ngazi yao fupi. Gari lao halina petroli, kwa hiyo pipa la maji linavutwa na ng'ombe anayeitwa Madamu, ambaye hafanyi kazi mpaka asalimiwe kwanza. Nilimpenda Madamu kuliko watu wengi ninaowajua.

Basi nikakaa karibu na Doreen. Ikalia ile sauti ndefu tunayoijua, muuuu, na mimi, mimi ambaye siongei, nikasema, "Huyo ni Madamu. Anataka asalimiwe."

Doreen akaniangalia. "Nani huyo, bab?" Huku mtu akikupenda anakuita bab, mkubwa au mdogo.

"Ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Hicho ni king'ora. Wanakizungusha kwa mkono na kimeshika kutu. Ndicho kichekesho chenyewe."

"Na yule anayevuta pipa?"

"Hakuna pipa. Kuna ngazi, wamemwazima kasisi, kairudisha imekatwa nusu. Na wanabishana zamu ya nani kuchemsha chai. Nimekisikiliza hiki tangu kabla sijaolewa, hakuna ng'ombe."

Nilisikiliza mpaka mwisho. Sasa Kiingereza chao nakielewa, hata kile cha zamani cha puani. Hakuna ng'ombe, Babu. Hakuna pipa, wala faili za halmashauri alizozila Madamu. Watu wanacheka palepale ulipokuwa ukibonyeza kitufe, lakini wanachekea vitu vingine kabisa.

Nitakwambia ukweli ambao hata Mama hakuujua. Nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa na historia. Nilipofika huku, siku za mwanzo darasani, mwalimu alituuliza sisi wageni kila mmoja aseme jambo moja alilolijua kuhusu nchi hii kabla ya kuja. Mimi sinyanyui mkono, unanijua. Siku hiyo niliunyanyua. Nikawaeleza habari za Kapteni na Madamu, nikawaambia Uingereza nzima ilikuwa ikikaa kwenye redio kumcheka. Nilieleza vizuri, kwa Kiingereza chote nilichokuja nacho. Mwalimu akasema hajawahi kukisikia. Kijana mmoja nyuma akalia kama ng'ombe. Baada ya hapo nikipita kwenye korido mtu analia, nikiingia kula mtu analia, muda mrefu mpaka wakachoka wenyewe. Mimi nikafunga mdomo. Watu wa kanisani wanamsifu Mama eti binti yake mtulivu sana. Si utulivu, Babu. Ndani natembea usiku na mchana.

Kwa hiyo siku ile kwa Doreen nilijiona mjinga mara ya pili. Njia nzima kwenye basi kurudi Kings Heath nilikuwa nachezesha mguu mpaka Mama akaushika kwa mkono.

"Una nini wewe?"

"Mama, kanda za Babu hazina ng'ombe."

Mama alikuwa amechoka, kichwa kiko kwenye kioo. Akafungua jicho moja. "Nyinyi aliwapa ng'ombe?"

"Nyinyi aliwapa nini?"

"Bata mzinga," akasema. "Tena alikuwa ameposwa."

Nilimtazama. Akaanza kucheka kidogo kidogo, kisha akashindwa, akavua miwani. Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu akageuka kuona kuna nini.

"Mlijua?" nikamuuliza. "Mlijua kwamba anatunga?"

"Mimi na Mwakio tulijua tangu darasa la nne. Kizungu cha Baba kilikuwa cha jikoni. Chumvi, sahani, samahani bwana, imekwisha. Angeelewaje wale watu? Alikuwa anasikia wamecheka, anatuambia wanacheka nini."

"Na hamkumuuliza?"

"Tumuulize nini, na mahindi hayajaisha?"

Tukapita vituo viwili vitatu hivi. Kisha Mama, akiwa anafuta miwani kwa sare yake ya kazi, akasema kwa sauti nyingine, "Yule bata mzinga sijui kama aliolewa. Nilipelekwa shule ya bweni kabla Baba hajafika hapo. Akasema atanimalizia nikirudi likizo."

"Akakumalizia?"

"Niliporudi likizo, akasema harusi imeahirishwa."

Babu, usiku huo nililala macho wazi. Kwa sababu na mimi uliniambia hivyohivyo. Madamu amepanda ngazi za ofisi ya halmashauri, amekula faili, ametokea juu ya paa, amekataa kushuka mpaka aombwe radhi. Mji mzima uko chini. Kapteni amepanda ngazi yake fupi, amenyoosha shingo, amemwambia Madamu, na hapo redio ikameza utepe. Ukauvuta taratibu kwa kidole ukatoka kama tambi. Mwezi huohuo karatasi zangu za kusafiria zikafika. Asubuhi ya kuondoka wote walinisindikiza mpaka barabarani isipokuwa wewe. Ulibaki barazani na sanduku la viatu, unajifanya unaunga utepe. Nikakuuliza, "Kapteni alimwambiaje?" Ukasema bila kuinua uso, "Nenda. Nitakumalizia ukirudi."

Tangu siku hiyo hujaongea na mimi zaidi ya kuniambia nisome.

Mjomba anasema hata redio umeifunika na kitambaa cha Nyanya cha kochi, na watoto wake wanapukuchua macho yakiwa kwenye simu zao, gunzi moja kwa saa nzima. Nilifikiri umenikasirikia kwa kuondoka. Siku nyingine nafikiri uliona aibu, eti nikija huku nitagundua. Sijui lipi ni kweli, na ndilo linaloninyanyua kitini kila nikikaa kuandika. Kama ni aibu, basi ngoja nikueleze kilichotokea baadaye.

Jumamosi iliyofuata sikutaka kwenda. Mama akanibeba. Kufika tu, Doreen alikuwa ameizima mashine, amekunja miguu.

"Haya," akasema, "huyo ng'ombe."

"Ulisema hayupo."

"Najua hayupo. Nimelala wiki nzima nikimfikiria. Alikuwa anavuta pipa, kisha?"

Nikaanza chinichini. Akanikaripia niongee kama mtu. Nikaongea. Nilimweleza habari zote za Madamu, na jinsi ulivyokuwa ukitunga, kwa Kiingereza, na penye kuchekesha nikasimama kama ulivyokuwa ukisimama wewe, na wazee wa viti vya karibu wakacheka palepale. Mmoja ambaye sijawahi kumsikia akisema kitu aliuliza kama ng'ombe ana pembe. Mama alipita na taulo, akasimama mlangoni, akaendelea na safari yake akiwa amefunika mdomo. Sijui niliongea muda gani. Koo lilikuwa limekauka. Nikafika kwenye paa, Kapteni kwenye ngazi, shingo imenyooshwa.

"Akamwambia nini?" Doreen akauliza.

"Sijui. Utepe ulikatika."

"Utepe upi? Si umesema babu yako alikuwa anatunga?"

"Alikuwa bado hajatunga."

Nilijaribu kummalizia mwenyewe. Nikasema Kapteni aliomba radhi, Madamu akashuka, wakaenda nyumbani. Doreen akatikisa kichwa. "Hapana. Huyo si Madamu." Na kweli hakuwa yeye. Nilijua hata nilipokuwa nasema.

Toka hapo kila Jumamosi wananiuliza, na hata katikati ya wiki kichwa changu kiko juu ya paa. Niliianza barua hii nikitaka kukuomba mwisho. Nilishapanga: Mjomba akushikie simu siku ya mahindi, umalize, mimi niwatafsirie wazee huku. Lakini nimetoka kuzunguka, nimefika mpaka bustanini, nimerudi na kalamu hii ya bluu, na nimebadili mawazo.

Mama anasema labda nitakuja baada ya mitihani, labda baadaye zaidi, karatasi zikikubali. Hajui, na mimi sijui. Wewe ulisema utamaliza nikirudi. Ukimaliza leo kwenye simu, itakuwa kama tumekubaliana kwamba sirudi. Na ukiendelea kunyamaza mpaka nirudi, nitarudi nimekuwa mtu mzima ambaye sauti yako haimjui.

Kwa hiyo usimalize. Kaeni tu kwenye turubai Jumapili, iondolee redio kile kitambaa hata kama hailii, na Mjomba akikupa simu usiifunike kwa kiganja. Sitakuuliza Kapteni alisema nini. Niambie tu leo kuna jua au mvua pale juu ya paa, Madamu anakula nini, na nani amekuja kumtazama.

Nisalimie Nyanya, umwambie soksi zilifika na Mama amezichukua. Nisalimie Mjomba Mwakio na mkewe, na watoto wao, hasa yule mdogo anayesema atazaa ng'ombe. Nisalimie mwalimu wa kwaya. Mama anakusalimu, na anauliza kwa upole kuhusu harusi ya bata mzinga.

Mimi mjukuu wako, ambaye sasa anaongea kidogo,

Wakesho